Anayeandika huanikwa, anayepiga hufunika uso

Aprili 2009, nchini Uingereza, tuzo ya uandishi yenye jina la George Orwell ilitolewa kwa mara ya kwanza kwa mwandishi wa blogu. Mshindi alijulikana kwa jina moja tu, NightJack. Wasomaji wake walichojua ni kwamba ni askari mpelelezi wa cheo cha chini, mtu wa zamu, anayerudi nyumbani akiwa hoi na bado akapata nguvu ya kuandika aliyoyaona: walevi wa wikiendi, nyumba ambazo polisi huitwa mara kwa mara kwa ugomvi uleule, makaratasi yasiyoisha. Majina ya watu na ya mahali aliyabadilisha. Lake mwenyewe hakuliandika popote.

Mojawapo ya makala zake zilizosambaa sana iliwalenga raia wema wasiozoea vituo vya polisi. Aliwaeleza namna ya kujikinga iwapo siku moja watajikuta wamekamatwa. Mhalifu mzoefu, alisema, anajua kuutumia mfumo, ananyamaza na kumsubiri wakili. Mtu mwaminifu, kwa kuamini kwamba hana cha kuficha, husema mengi na kujiponza. Hakuna msemaji wa polisi ambaye angeweza kuyasema hayo kwenye mkutano na waandishi wa habari. Alipaswa kuyasema mtu aliyekaa upande wa pili wa meza ya mahojiano, na asingeyasema kwa jina lake.

Ushindi ule ndio uliomponza. Mwandishi wa gazeti la The Times alimsaka akampata: Richard Horton, konstebo wa upelelezi mwenye umri wa miaka 45 katika polisi ya Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Horton alikimbilia Mahakama Kuu kuomba gazeti lizuiwe kumtaja. Tarehe 16 Juni 2009 Jaji David Eady akamkatalia. Kwa maoni ya jaji, kublogu kimsingi ni shughuli ya hadharani, kwa hiyo mwenye blogu hawezi kutegemea sheria imlindie jina. Tena umma una haki ya kujua pale askari anapoonekana kukiuka kanuni za nidhamu za kazi yake. Jina likachapishwa. Blogu ikafutwa yote. Mwajiri wake akampa onyo la maandishi.

Miaka mitatu baadaye, wakati Jaji Leveson akichunguza mwenendo wa magazeti ya Uingereza, yakafichuka ambayo Mahakama Kuu haikuwa imeambiwa. Mwandishi yule aliingia katika barua pepe ya Horton bila ruhusa. Wakili wa ndani wa gazeti alilijua hilo kabla kesi haijasikilizwa, lakini jaji aliachwa aamini kwamba jina lilipatikana kwa kuunganisha vipande vya habari vilivyokuwa wazi kwa kila mtu. Oktoba 2012 The Times lilikubali kumlipa Horton fidia ya pauni 42,500. Desemba 2013 wakili huyo akasimamishwa uwakili kwa miezi sita.

Fidia ililipwa, lakini hukumu ya Eady haikufutwa kwa sababu hiyo, na fundisho lake liliwafikia waliokusudiwa na wasiokusudiwa: konstebo ukiandika, siku moja utaanikwa. Hilo lilikuwa kosa, na limeendelea kuumiza. Gazeti linaloishi kwa kulinda vyanzo vyake lilitumia nguvu zake zote kulifichua jina la mtu ambaye, kama angempigia simu ripota na kumnong'oneza maneno yaleyale, lingemlinda hadi mwisho.

Hata kabla ya Horton, askari mwingine wa Uingereza alikuwa ameuonja mfumo huo. Akijiita PC David Copperfield, aliandika blogu, kisha mwaka 2006 akatoa kitabu kilichoonyesha jinsi ugomvi mdogo kabisa unavyoweza kumla askari saa kadhaa za zamu kwa kujaza fomu. Waziri aliyehusika na polisi, Tony McNulty, aliliambia Bunge kwamba kitabu hicho ni hadithi ya kubuni kuliko hata za mwandishi wa riwaya Dickens. Mwaka 2007 mwandishi akajitokeza kwenye kipindi cha Panorama cha BBC: Stuart Davidson, konstebo halisi wa Staffordshire. Aliweza kujitokeza kwa sababu tayari alikuwa ameamua kuhamia Kanada kufanya kazi ya polisi huko. Kabla ya hapo waziri alikuwa na uhuru wa kumwita mzushi, naye hakuwa na namna ya kujibu bila kupoteza mkate wake. Hapo ndipo udhaifu wa jina bandia ulipo, na mtu mkweli hapaswi kuuficha: asiye na jina ni rahisi kukanushwa.

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili anaijua kwa moyo ile sentensi ya "ofisa huyo, aliyeomba jina lake lihifadhiwe kwa kuwa si msemaji". Nusu ya tunayoyajua kuhusu hospitali zisizo na dawa, magari ya polisi yanayosukumwa kwa kukosa mafuta, na mishahara ya walimu iliyochelewa, tumeyapata kupitia sentensi hiyo. Mtumishi wa ngazi ya chini katika nchi zetu hana uwanja mwingine. Akisema mbele ya mkubwa wake, yupo anayejua wilaya ipi ina kituo kisicho na maji wala umeme, na barua ya uhamisho haihitaji kueleza sababu.

Kenya ina kumbukumbu chungu ya mtumishi wa aina hii. David Munyakei alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mezani kwake zilipita hati za malipo ya kampuni ya Goldenberg, iliyodai kuuza nje dhahabu na almasi, kutoka nchi ambayo haichimbi almasi kabisa. Alizitoa hati hizo, zikawafikia wabunge wa upinzani. Alipojulikana, alikamatwa na kushtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Kesi ilifutwa, ila kazi hakurudishiwa. Alihamia Mombasa, akasilimu, akahangaika na vibarua, na tuzo ya uadilifu ya Transparency International ya mwaka 2004 haikumpatia ajira. Alifariki Julai 2006 akiwa maskini. Waliochota fedha za umma waliendelea kuwa na majina makubwa.

Tanzania, tangu 2006, JamiiForums imekuwa mahali ambapo mtu anayejiita jina lolote anaweza kuweka waraka wa ofisi yake na kuuliza mbona mambo yako hivi. Desemba 2016 mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa, na moja ya hoja kuu ilikuwa kwamba alikataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Aliburuzwa mahakamani kwa miaka. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi na kumtoza faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Ni watu wachache wanaoweza kusema wamesimama kizimbani kwa ajili ya majina ya watu wasiowafahamu hata kwa sura.

Wapo wanaosema jina halisi humfanya mtu awe na adabu, kwa hiyo tuondoe majina bandia na matusi yatakwisha. Ukweli haupo hivyo. Juni 2019, mradi uitwao Plain View uliweka hadharani maelfu ya machapisho ya Facebook ya askari na wastaafu wa polisi wa Marekani, mengi yakiwa ya ubaguzi au ya kushangilia kupigwa kwa raia. Hawa hawakuwa wamejificha. Walikuwa wametumia majina yao, na wengine picha zao wakiwa ndani ya sare. Philadelphia peke yake iliwaondoa barabarani askari 72 wakati uchunguzi ukiendelea.

Hata hivyo kuna kisa kimoja ambacho kila mtetezi wa jina bandia anapaswa kukikabili bila kukwepa, nacho kilitokea New Orleans.

Tarehe 4 Septemba 2005, siku chache baada ya kimbunga Katrina, askari wa jiji hilo waliwafyatulia risasi watu wasio na silaha kwenye daraja la Danziger. Waliwaua wawili, kijana wa miaka 17 na mwanamume wa miaka 40 mwenye ulemavu wa akili, wakawajeruhi wanne, kisha wakatunga ushahidi wa kufunika. Ilichukua karibu miaka sita kufikia hukumu: Agosti 2011 askari watano walitiwa hatiani, na mwaka uliofuata wakapewa vifungo vya kuanzia miaka 6 hadi 65. Familia zilipumua.

Wakati kesi hiyo ikiendelea, mwendesha mashtaka mwandamizi wa serikali kuu katika jiji hilo, Sal Perricone, alikuwa akiandika maoni kwenye tovuti ya gazeti la mjini kwa majina ya kubuni, mojawapo likiwa Henry L. Mencken1951. Aliandika kuhusu washukiwa, majaji, wanasiasa, na polisi wa New Orleans wenyewe, ambako aliwahi kufanya kazi. Aliyemfichua ni mfanyabiashara aliyekuwa akichunguzwa na ofisi hiyohiyo. Alimwajiri mtaalamu wa lugha aliyewahi kufanya kazi FBI, akalinganisha maoni yale na nyaraka za mahakama zilizoandikwa na waendesha mashtaka. Maneno adimu yaleyale yakajitokeza pande zote mbili. Machi 2012 Perricone akakiri na kujiuzulu. Baadaye ikajulikana kwamba naibu mkuu wa ofisi hiyo naye alikuwa akifanya hivyohivyo, na pia mwanasheria mmoja wa Wizara ya Sheria kule Washington. Desemba 2012 mkuu wa ofisi ya New Orleans, Jim Letten, akaachia ngazi.

Septemba 2013 Jaji Kurt Engelhardt, katika uamuzi wa kurasa 129, alizifuta hukumu za askari wa Danziger na kuamuru kesi ianze upya. Familia za waliouawa zilirudishwa mwanzo. Mwaka 2016 askari walikiri makosa kwa makubaliano na kupewa vifungo vya miaka 3 hadi 12. Perricone alinyang'anywa uwakili mwaka 2018, lakini ile miaka iliyoyeyuka kutoka 65 hadi 12 haikumwuma yeye. Iliwauma mama na ndugu waliokuwa wamesubiri tangu Katrina.

Ukiwatazama juujuu, Horton na Perricone wanafanana: watumishi wa umma wawili, majina ya kubuni mawili, kanuni za kazi zilizovunjwa. Kinachowatenganisha ni kilichokuwa mkononi mwa kila mmoja. Horton alieleza kazi ilivyo, akayafuta majina ya watu ili msomaji asiwatambue. Perricone aliwataja watu ambao serikali, kupitia ofisi yake, ilikuwa na uwezo wa kuwafunga. Mmoja aliongea kuhusu mamlaka. Mwingine aliyatumia mamlaka gizani, akimsukuma msomaji, ambaye kesho angeweza kuwa mzee wa baraza la mahakama, amwone mshukiwa kuwa mhalifu kabla ya kumsikiliza.

Nairobi imeona jambo baya kuliko hilo. Kwa miaka kadhaa kuanzia katikati ya muongo wa 2010, akaunti za Facebook zilizotumia jina Hessy pamoja na jina la mtaa, Hessy wa Dandora, Hessy wa Kayole na wengineo, zilichapisha picha za vijana zikiwataja kuwa majambazi. Kijana aliambiwa abadilike au ahame. Baadhi yao baadaye walionekana kwenye kurasa hizohizo wakiwa maiti. Wakazi waliamini kwamba nyuma ya akaunti hizo wapo askari, na walizisoma kwa hofu hiyo. Julai 2019 shirika la Human Rights Watch lilisema polisi walikuwa wameua kwa risasi wanaume na wavulana wasiopungua 21 katika Dandora na Mathare tangu Agosti mwaka uliotangulia. Mama wa Dandora akifunguliwa picha ya mwanawe kwenye simu ya jirani, angemlalamikia nani? Hakuna dawati la kupokea malalamiko dhidi ya Hessy.

Kwa hiyo kipimo kiwe hiki: mtumishi anapoeleza taasisi yake ilivyo, jina lake si mali ya umma. Anapomkamata mtu, anapomshtaki, anapomtisha au anapomlenga kwa bunduki, jina lake ni mali ya umma kabisa, na kulificha ni kosa.

Sheria ya Kenya tayari inaujua upande wa pili wa kipimo hicho. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka askari aliyevaa sare awe na jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Wakati wa maandamano ya 2024 vijana walikamatwa na watu waliofunika nyuso, wakapakiwa kwenye magari yasiyojulikana. Agosti mwaka huo Jaji Bahati Mwamuye aliagiza askari wanaoshughulikia maandamano wavae sare zenye utambulisho na wasifiche nyuso. Juni 2025 nyuso zilizofunikwa zilikuwa tena barabarani. Tarehe 17 mwezi huo, katikati ya Nairobi, kijana aliyekuwa akichuuza barakoa alipigwa risasi kichwani kwa karibu na askari aliyeziba uso. Kamera za simu zilinasa tukio. Kijana akafariki kabla mwezi haujaisha.

Siku chache tu kabla ya hapo, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu mwenye umri wa miaka 31, alichukuliwa kwao Homa Bay kwa sababu ya chapisho la mtandaoni lililomhusu naibu inspekta jenerali wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na tarehe 8 Juni akawa amekufa katika Kituo Kikuu cha Polisi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa mwili ukaonyesha majeraha ya kichwa, kukabwa shingo, na michubuko mingi. Inspekta Jenerali Douglas Kanja aliomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya kwanza.

Yaweke matukio hayo mawili ya mwezi mmoja pamoja. Aliyedhaniwa kuandika alisakwa mamia ya kilomita na akapatikana upesi. Aliyeshika bunduki aliruhusiwa kutoka kituoni amefunika uso. Utaratibu mzima umekaa kichwa chini.

Lipo jambo jingine, na askari wa kawaida ana haki nalo: usalama wa nyumbani kwake. Juni 2016, huko Magnanville nje ya Paris, gaidi alimfuata ofisa wa polisi hadi mlangoni, akamuua yeye na mwenzi wake, aliyekuwa pia mtumishi wa polisi. Mwaka uliofuata Ufaransa ilibadili sheria ili maofisa wa polisi waweze kusaini majalada fulani kwa namba badala ya jina. Namba hiyo ina mwenyewe. Hakimu akitaka kujua ni nani, anajua. Hiyo ni tofauti kubwa na soksi iliyovutwa hadi machoni.

Ireland Kaskazini wanaijua hofu hii kwa undani zaidi. Huko askari huinama kuangalia chini ya gari kila asubuhi kabla ya kuwasha, na zipo familia zilizolelewa kutoanika shati la sare kwenye kamba ya nje. Wapo askari ambao ndugu zao wenyewe hawajui wanafanya kazi gani. Tarehe 8 Agosti 2023 polisi ya huko ilijibu ombi la kawaida la mwananchi aliyetaka kujua idadi ya askari kwa kila cheo. Jibu lilikuwa jedwali la kompyuta, na ndani yake mlibaki ukurasa uliofichwa tu, haukufutwa. Ukurasa huo ulikuwa na majina ya ukoo, herufi za kwanza, vyeo, na vituo vya kazi vya watumishi 9,483. Ulikaa mtandaoni kwa saa kadhaa kabla ya kuondolewa, na watu wenye nia mbaya wakawahi kuupata. Mkuu wa polisi alijiuzulu mwezi uliofuata, na mwaka 2024 taasisi hiyo ikatozwa faini ya pauni 750,000. Hapo hapakuwa na mdukuzi wala adui hodari. Serikali iliwaanika watu wake kwa uzembe wake yenyewe.

Kumlinda askari nyumbani kwake, basi, hakuhitaji barakoa barabarani. Kunahitaji ofisi inayotunza mafaili yake vizuri.

Na mtumishi anayetaka kusema afanye nini? Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ya Kenya ina njia ya mtandaoni ambamo mtu huripoti bila jina na kufunguliwa kisanduku cha kupokea majibu, ushahidi kwamba serikali yenyewe inatambua kwamba ukweli mwingine hauji ukiwa umeambatanishwa kitambulisho. Tanzania ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Kenya, kwa zaidi ya miaka 10, miswada ya namna hiyo imeandikwa, ikakwama, ikaandikwa upya. Lakini njia hizi zote zinamtaka mtumishi apeleke habari kwa mamlaka. Hazimsaidii konstebo anayetaka kuwaeleza wananchi, kwa maneno yake, kwamba kituo chake kina gari moja kwa kata tano, kwa sababu hilo si jinai ya kuripotiwa. Ni hali ya kazi, na anayeilipia kodi ndiye anayestahili kuijua.

Majeshi ya polisi yanaweza kuandika kanuni inayomruhusu kufanya hivyo: asiguse kesi iliyo hai, asimtaje mshukiwa, shahidi wala mwathirika, asifichue mbinu za operesheni, na ndani ya mipaka hiyo asiulizwe jina. Anayevuka mpaka atafutwe kwa amri ya mahakama, mbele ya hakimu, si kwa simu ya mkubwa aliyeudhika. Mwendesha mashtaka yeye asipewe nafasi hiyo kabisa kwa majalada ya ofisi yake, maana kalamu yake tayari inafunga watu.

Wahariri wetu nao wana sehemu yao. Kila siku wanachapisha maneno ya maofisa waliohifadhiwa majina na hawaoni haya. Siku akitokea konstebo anayeandika mwenyewe, vizuri, bila ripota katikati, kishawishi cha kupata habari ya kumfichua kitakuwa kikubwa, na itauza nakala. Wamhesabu kuwa chanzo chao, kwa masharti yaleyale wanayompa mkubwa anayewapigia simu usiku.